Hatua 30, ripoti tatu

Kwenye njia ninayopita kila siku kwa baiskeli kuna kipande cha hatua kama 30 nilichokiogopa kwa miezi mingi bila kusimama nikakitazama. Nilikuwa nasema tu "pale pabaya", napunguza mwendo, napita. Kumbe pale palikuwa na matatizo matatu, ya idara tatu tofauti, na kila moja lilikuwa dogo kiasi cha kuvumilika. Hatari ilizaliwa pale yalipokutana.

Nipaeleze kwanza, maana bila kupaona kisa hiki hakieleweki. Njia ya waenda kwa miguu imetandikwa mabamba ya zege. Kati yake na ukingo wa barabara kuna mti mkubwa wa kivuli, na mzizi wake mmoja umelisukuma bamba moja juu upande mmoja, likainama kama mlango ulioachwa wazi. Chini ya ukingo ndipo ilipo njia ya baiskeli, iliyotenganishwa na magari kwa mstari wa rangi peke yake. Ndani ya njia hiyo, mita chache baada ya mti, kuna mfuniko wa nondo wa mtaro wa maji ya mvua. Mbele kidogo, juu kwa waenda kwa miguu, limesimama bango la chuma la kuonya kuwa kazi zinaendelea. Waliofukia mabomba walimaliza kazi yao, wakaondoka, bango wakaliacha katikati ya njia.

Jioni ya tukio nilimkuta dada mmoja anayetumia kiti mwendo, tunayesalimiana tukikutana. Alifika kwenye bamba lile, magurudumu madogo ya mbele yakagoma. Akarudi nyuma, akatafuta mahali ukingo ulipolazwa kwa ajili ya lango la magari, akashuka, akaingia kwenye njia ya baiskeli. Asingeweza kupanda tena mara tu baada ya mti, kwa sababu bango lilikuwa limeziba. Ilimbidi abaki chini mpaka alipite lote.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Nondo za ule mfuniko zilikuwa zimelala kufuata mwelekeo wa barabara, sambamba na gurudumu, na nafasi kati ya nondo na nondo inatosha kumeza tairi nyembamba. Kila anayepita pale kwa baiskeli amejizoeza kuukwepa kwa kuvuta kidogo upande wa magari. Siku hiyo upande wa magari kulikuwa na basi. Upande wa ukingo alikuwapo yeye. Nikafunga breki, gurudumu la mbele likazama kati ya nondo, nikaruka juu ya usukani na bega langu likagonga kiti chake.

"Pole kaka, umeumia?" Yeye ndiye aliyeniuliza kwanza, huku kiganja chake kimechunika.

"Pole wewe dada, mimi ndiye niliyekugonga."

Hakuna aliyevunjika. Tuliketi ukingoni kwa muda, tukapeana namba za simu, kila mtu akaenda kwake.

Nilipofika nyumbani nikafungua programu ya simu ya jiji nikaandika ripoti. Nainukuu nzima, kwa sababu naamini watu wengi wameshaandika inayofanana nayo: "Jamani hii barabara ni hatari sana! Watu wanaumia kila siku na hakuna anayejali. Leo nimeanguka na nimemuumiza dada wa watu. Tunaomba mchukue hatua haraka kabla mtu hajafa." Nikaweka picha ya goti langu lenye damu. Kwenye orodha ya aina za tatizo nikachagua "shimo barabarani", kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu. Nikatuma.

Baada ya siku mbili nikapata ujumbe: limekaguliwa, hakuna shimo lililoonekana, ripoti imefungwa.

Hasira niliyopata ilinipeleka moja kwa moja kwenye simu. Aliyepokea alikuwa mtulivu kuliko nilivyostahili. "Kaka, mkaguzi alifika na picha amepiga. Nikutumie?" Akanitumia. Ilikuwa picha safi ya lami nzima isiyo na ufa, na nyuma yake lilionekana geti la nyumba yangu.

Nilikuwa nimeiandika ripoti nikiwa nyumbani, na simu ikaweka alama ya ramani pale nilipokuwa nimekaa. Mkaguzi wa mashimo alitumwa mtaani kwangu akatafute shimo, akalikosa, akasema kweli. Hapakuwa na uzembe wala dharau. Nilimtuma mtu asiye wa kazi hiyo mahali pasipo na tatizo, kisha nikamlaumu kwa kutoliona.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu makosa hayo mawili, la mahali na la aina, ndiyo yanayoua ripoti nyingi kabla hazijafika kwa mwenye kazi. Maneno yetu ya uchungu husomwa baadaye, kama yanasomwa. Kinachoamua ripoti inaangukia dawati gani ni nukta ya ramani na aina uliyochagua. Ndivyo mifumo hii ilivyojengwa. Namba ya simu 311 ilianza Baltimore, Marekani, mwaka 1996 ili kuipunguzia namba ya dharura mzigo wa simu zisizo za dharura. New York ilianzisha ya kwake mwaka 2003, na moyo wa huduma hiyo ni kupanga: shida iingie kwa mlango mmoja, itoke kwenda kwa idara inayohusika. Kule Uingereza, FixMyStreet, tovuti ya kuripoti matatizo ya mitaani iliyoanzishwa na shirika la mySociety mwaka 2007, inaonyesha jambo hili waziwazi. Kuna maeneo yenye ngazi mbili za halmashauri, kwa hiyo nukta moja ya ramani inaweza kupeleka shimo la barabarani kwenye halmashauri moja na takataka zilizotupwa papo hapo kwenye nyingine. Mahali hapabadiliki, lakini ukibadilisha aina ya tatizo umebadilisha ofisi.

Nilimpigia yule dada kumjulia hali, nikamweleza yaliyonikuta. Amekuwa akiripoti vitu vya njia kwa miaka, maana kwake bamba lililoinuka huamua kama atafika anakokwenda au atarudi nyumbani. Alinisikiliza, akaniambia nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Umeandika ulivyoumia. Hukuandika fundi abebe nini."

Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha kisa kizima. Ripoti haiandikiwi mkubwa wa ofisi aone huruma, wala haiandikiwi majirani waone tulivyo na hasira. Inaandikiwa mtu atakayepanda gari la kazi asubuhi, mwenye karatasi au simu mkononi, anayetakiwa kujua anasimama wapi, anatazama nini, na amebeba nyundo, zege, au mashine ya kusaga. Asipojua hayo anarudi mikono mitupu na ripoti inafungwa.

Jumamosi tulirudi pale wawili, yeye na mimi, na futikamba. Tuliweka kipande cha mbao kilichonyooka juu ya bamba lililoinuka, tukapima kutoka mbao hadi bamba la chini. Upande wa mti ilikuwa milimita 41. Upande wa pili 12. Nilikuwa nimelipita bamba lile mara mamia na ningeapa ni "kama sentimita mbili hivi". Kwa kulinganisha: viwango vya Marekani vilivyotokana na sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 vinaruhusu tofauti ya kimo ya wima isiyozidi milimita 6.4. Kuanzia hapo hadi milimita 13 ukingo lazima uchongwe mshazari, na ikizidi 13 inahesabiwa kuwa ni mahali panapohitaji kuteremshwa taratibu kama njia ya mteremko. Kila jiji lina vipimo vyake, na ni vizuri kuvitafuta, lakini hata mahali ambapo hakuna kipimo kilichoandikwa, namba hiyo inafanya kazi ambayo neno "hatari" haliwezi. Mkaguzi akisoma "limeinuka sana" atakwenda kuamua mwenyewe. Akisoma "milimita 41" anakwenda kuthibitisha.

Tukapiga picha mbili kwa kila tatizo. Ya kwanza ya karibu, futikamba ikionekana namba. Ya pili ya mbali, inayoonyesha mti, nyumba, na nguzo ya taa. Hiyo nguzo ya taa ndiyo aliyonifundisha dada: ina kibao kidogo chenye namba, kimepigiliwa usawa wa kichwa cha mtu mzima, na sikuwahi kukiona maishani mwangu. Namba hiyo iko kwenye kumbukumbu za jiji. Nukta ya ramani inaweza kuhama hadi juu ya paa la jirani, ila nguzo haihami.

Kisha tukaandika ripoti tatu badala ya moja. Hili nalitilia mkazo, kwa sababu silika ya mtu mwenye uchungu ni kumwaga yote pamoja, na mimi nilikuwa hivyo. Ukiweka mambo matatu kwenye ripoti moja, itakwenda kwa idara moja, idara hiyo itafanya lake, itafunga, na mawili yaliyobaki yatahesabiwa yamekwisha. Lakini kuzitenganisha nako kuna hasara yake: hakuna idara itakayoona kwamba matatizo haya yanasukumana, kwamba bamba na bango vinamshusha mtu wa kiti mwendo palepale ambapo mfuniko unamrusha mwendesha baiskeli. Kwa hiyo mwishoni mwa kila ripoti tuliongeza sentensi moja inayotaja nyingine mbili na kusema kwamba zinahusiana. Ya mfuniko ilisomeka hivi:

"Mfuniko wa nondo wa mtaro wa maji ya mvua, ndani ya njia ya baiskeli, mita 6 baada ya nguzo ya taa namba hiyo kwenye picha. Nondo zimelala sambamba na mwelekeo wa baiskeli, nafasi kati yake milimita 35. Gurudumu linazama, limezama jioni ya Jumanne na kusababisha ajali. Mfuniko ni mraba, unaonekana unaweza kugeuzwa. Unahusiana na ripoti ya bamba na ripoti ya bango, hatua chache kutoka hapo."

Hakuna alama ya mshangao hata moja. Siku ya nne walikuja mafundi wawili. Nilikuwa napita, nikasimama. Waliingiza ndoano mbili, wakainua, wakageuza robo mzunguko, wakauteremsha. Ilichukua muda mfupi kuliko niliotumia kuandika. Nikamuuliza mmoja ilikuwaje ukakaa vile. "Huu mfuniko unaingia kwa namna zote mbili, kaka. Waliozibua mtaro waliurudisha walivyoona." Basi chanzo kilikuwa hicho. Hakuna aliyebuni mtego. Mtu alifanya kazi yake ya maji vizuri kabisa, na mwelekeo wa nondo haumhusu mtu wa maji. Nikauliza kama hautageuzwa tena wakati wa kuzibua. Akafikiri, akaenda kwenye gari, akarudi na rangi ya njano, akachora mstari mmoja unaovuka mfuniko na fremu yake kwa pamoja. Ukiwekwa vibaya, mstari unakatika. Dawa ya kudumu ni kuweka mfuniko wenye matundu madogo au nondo za kukatisha, na nimeliomba hilo kwa maandishi, lakini ule mstari wa njano naupenda kila nikiupita.

Bango halina mengi. Nyuma yake kulikuwa na karatasi iliyofifia yenye namba ya kibali cha kazi. Tuliiandika kwenye ripoti, kesho yake jioni halikuwapo.

Bamba ndilo lililotusumbua. Ripoti ilifungwa baada ya wiki moja kwa maelezo kwamba matengenezo ya njia ya waenda kwa miguu ni jukumu la mwenye kiwanja kinachopakana nayo. Wengi wakipata jibu hili hudhani wamedanganywa. Si lazima iwe hivyo. Miji mingi ina utaratibu huo, na New York mwaka 2003 ilihamishia wenye viwanja walio wengi hata dhima ya mtu akiumia kwenye njia iliyo mbele ya viwanja vyao, ikiwaacha kando wenye nyumba ndogo za familia moja hadi tatu wanazoishi wenyewe.

Tulikwenda kubisha hodi. Mwenye nyumba ni mzee, alitupokea vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kwa ajili ya lile zege?" Alikuwa na barua mbili za jiji ndani ya bahasha moja. Ya kwanza ilimtaka atengeneze bamba. Ya pili, ya miaka iliyopita, ilimkataza kuugusa mti, tawi wala mzizi, kwa kuwa ni mali ya jiji. "Sasa bamba nalilaza vipi na mzizi uko chini yake?"

Alikuwa sahihi. Ukilivunja bamba na kumwaga jipya juu ya mzizi, litainuka tena. Ukiukata mzizi mnene karibu na shina, unaweza kuuua mti au kuudhoofisha hadi uanguke kwenye upepo. Kwa hiyo kazi hiyo haianzi kwa fundi wa zege, inaanza kwa mtu wa miti wa jiji. Sisi tuliiita "njia ya waenda kwa miguu iliyoharibika", mfumo ukaipeleka kwa wanaoshughulika na zege, nao wakafuata kanuni ya zege. Tulipoituma upya chini ya aina ya "mti wa jiji, mizizi", pamoja na picha za barua zote mbili kwa ruhusa ya mzee, ilifunguliwa na haijafungwa tena.

Rafiki mmoja alinishauri niache mizunguko hii, nimwendee diwani. Sikatai kwamba diwani ana kazi yake, hasa pale idara mbili zinaporushiana mpira. Lakini sikutaka kuanza kwake. Simu ya mkubwa hutengeneza bamba lako na kulisogeza nyuma la mtu asiye na simu ya mkubwa, na haiachi kumbukumbu ambayo mwingine anaweza kuitumia. Ripoti yenye namba inaacha.

Na kumbukumbu hiyo ina uzito kuliko tunavyodhani. Uingereza, sheria ya barabara ya mwaka 1980 inazipa mamlaka wajibu wa kutunza barabara, kisha inaziruhusu zijitetee mahakamani kwa kuonyesha zilichukua tahadhari ya kutosha. Moja ya mambo yanayopimwa ni kama mamlaka ilijua au ilipaswa kujua kuhusu ubovu huo. New York inakwenda mbali zaidi: kwa kanuni ya mwaka 1979, mtu aliyeumia kwa ubovu wa barabara au njia inayosimamiwa na jiji, kwa kawaida, hawezi kulidai jiji bila kuonyesha kwamba lilikuwa limepewa taarifa ya maandishi na siku 15 zikapita bila matengenezo. Mawakili wa wadai wakaunda kamati ya kuchora ramani za njia zote zenye kasoro na kuzikabidhi kwa jiji ili taarifa iwepo. Lakini mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba alama ya ramani isiyoonyesha kwa uwazi ubovu uleule uliomwangusha mtu haitoshi kuwa taarifa. Nilipolisoma hilo nilifikiria ripoti yangu ya "shimo barabarani". Kama dada angevunjika mkono wiki iliyofuata, jiji lingesema halikuwahi kuambiwa kuhusu bamba, na lingekuwa linasema kweli.

Kuna anayesema teknolojia itatuondolea kazi hii. Boston ilijaribu mwaka 2012 na programu iitwayo Street Bump: simu ikiwa ndani ya gari inahisi mtikisiko na kurekodi mahali. Wazo zuri, na mapema kabisa ilionekana kwamba mitaa yenye simu na magari mengi ingejieleza zaidi kuliko mingine. Mimi naliona na pengo la pili. Simu ndani ya gari haiwezi kuhisi bamba la waenda kwa miguu. Na hata simu ya dada isingehisi chochote, kwa sababu kiti chake hakikulipita bamba lile. Kiligeuka. Mtu aliyegeuka hana mtikisiko wa kurekodiwa. Lazima mtu aandike.

Mtu wa miti alifika wiki ya tano. Alichimbua kidogo, akautazama mzizi, akaandika kwamba bamba liondolewe na mahali pake pawekwe lami laini inayopita juu ya mzizi kwa mteremko mrefu, mti ubaki. Tarehe ya kazi bado haijapangwa. Kwa muda huu walimwaga kabari ya lami kwenye ile kona ya milimita 41, upana wa kiti kimoja na ziada kidogo. Dada aliijaribu siku hiyohiyo: magurudumu ya mbele yakapanda bila kusita, akaendelea bila kushuka barabarani.

Ijumaa iliyopita niliona ukingo wa kabari umeanza kumeguka upande wa mti. Nikaweka futikamba, milimita 9, nikapiga picha mbili, nikazituma chini ya namba ileile.